Katembo ka mutoto, na fianse mwenye sina

Leo bamama ya kwetu balinipigia bigelegele juu ya fianse, muchumba wa kuoa. Na mi sina fianse.

Yaya yangu, dada yangu mukubwa, amezala, kule Kapata. Nikatrikotea mutoto katembo ka laine, tembo kadogo ka kufuma na nyuzi, mi mwenyewe, na sindano zangu mbili.

Yaya akakapindua, akakashika masikio.

"Mama, kuya uone! Huyu mupole wetu amepata bibi wa kuoa!"

Nikataka kusema ni mi nilikafanya.

Mama: "Mwanaume hawezi fanya hivi, hii ni mikono ya bibi. Anaitwa nani, mwana yangu?"

Munanijua, mbele ya batu sauti inapotea. Nikacheka tu, na bamama bakapiga bigelegele.

Bakanikatia nyama kubwa. Mama akanishika mukono, kitu hajafanyaga tangu niko mukubwa.

"Dimanche, siku ya kanisa, umulete tukule naye."

Nikasema: "Eh, mama."

Sasa nimerudi kwangu Musonoi. Mutoto alilala na katembo kwenye shavu, ile inanifurahisha.

Lakini dimanche banatupikia batu wawili, mi na fianse.

Nikisema ni mi mwenyewe nilitrikota, batanicheka mupaka mwisho. Nikinyamaza, bila fianse wa kuleta sitaweza kurudia kule, na mutoto sitamuona akikua.

Nyie mungefanya nini?

Mujibu ata neno moja. Hapa hakuna mutu wa kuuliza.