Mshumaa usiopungua wa Murhula

Bado kichwa changu kinakataa. Murhula, tuliyefundisha naye fizikia Bukavu, amefariki jana.

Na tayari mkurugenzi wetu wa zamani ametusambazia video ya rambirambi. Picha ya Murhula, maua yanaelea, na mshumaa unaowaka tangu asubuhi bila kupungua hata kidogo.

Murhula angeuona huo mshumaa angetukana.

Ninyi mnaomsifu leo, mjue kwanza mnamsifu nani. Wakati wa Zaïre taasisi yetu ilipata kompyuta moja, naye akaiandikia programu ya mpira unaodondoka. Aliweka ndani uzito, kasi, upepo. Mpira uliruka, ukaruka chini zaidi, ukasimama. Nilipiga makofi peke yangu.

Mkurugenzi alikuja na suti yake ya abacost iliyopigwa pasi, akamkunjia Murhula uso.

"Citoyen, mupira yako inachoka. Wakubwa watakuya kuangalia. Fanya iruke tu."

"Patron, inasimama sababu nguvu imekwisha. Miye sichori mupira. Nahesabu kwanza, écran ya kompyuta inaonyesha jibu."

"Na nani atakuya kuangalia jibu?"

Akamleta mpwa wake. Huyo alichora mpira ambao kila ukigusa chini unapanda juu zaidi. Siku ya demo wageni walishangilia mpaka nikaona aibu kwa niaba yao.

Murhula akasimama mbele ya wote. "Kama mutajenga daraja na hesabu ya hii mupira, miye sitapita juu yake."

Haukupita muda akahamishiwa Shabunda, kwenye shule isiyo na umeme. Kompyuta ilibaki kwa mpwa, akawa anachorea kadi za sikukuu za mjomba wake. Ovyo kabisa.

Nilimtembelea huko. Wanafunzi walikuwa wanadondosha mpira wa matambara na kuchora kila mruko ubaoni, mfupi, mfupi zaidi, mpaka chini.

"Ndio écran yangu hii, dada," akaniambia akicheka. Nililia njia nzima ya kurudi.

Leo mkurugenzi anaandika eti "tumepoteza nguzo". Papa mkurugenzi, hiyo nguzo uliing'oa wewe mwenyewe. Na kesho mazikoni usijisumbue na hotuba yako. Familia imenipa mimi nizungumze.

Murhula, nimewasha mshumaa wa duka la jirani. Unatoa moshi, unachuruzika mezani, umeshafika nusu. Huu ungeukubali.

Lala sasa, kaka yangu. Video yao nimeizima.