Dakika Ishirini Angani na Mama Mkwe

Siku ya harusi yake, baba yangu Elkanah alibanana na mama mkwe wake ndani ya ndege, bega kwa bega.

Kwa Mjaluo wa mwaka 1964, heri ukalie siafu.

Wacha niwaambie vile ilienda, maana yeye hupenda kuficha nusu.

Baba alikuwa karani Migori. Harusi ilikuwa Homa Bay, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na daraja likabebwa na maji. Pasta alikuwa anasafiri siku hiyo hiyo, na wajomba wa mama yangu, Leonida, walishaapa hawatangoja siku nyingine. Bwana harusi asipofika, posa imevunjika.

Rubani mmoja wa misheni akamhurumia. "Ni maili thelathini na saba tu. Dakika ishirini."

Jameni, dakika ishirini! Kwa barabara ya matope ungelala njiani. Baba alicheka peke yake kama mlevi, akapanda, akafunga mkanda.

Mara mtu mwingine akaingia na kuketi upande wa mlango. Phelesia. Mama mzazi wa Leonida, aliyekuja Migori kumwona dada yake mgonjwa, naye akakwama.

Kwetu, ukikutana na mama mkwe njiani, unaingia msituni apite. Humsalimii kwa mkono, hukai karibu naye. Sasa huku juu ungeingia msitu gani?

Baba akajifunika kichwa kwa koti la harusi. Phelesia akajifunika shuka. Rubani alidhani wanaomba.

Juu ya Rodi Kopany ndege ikadondoka kidogo. Wale wawili wakakumbatiana bila kuonana.

"Mama yangu!" baba akalia.

"Niko hapa," shuka likajibu.

Homa Bay, kanisa zima lilikuwa limekimbilia uwanjani. Mjomba Jared, mkubwa wa wajomba, akasogea na bakora yake.

"Elkanah, umekaa na mama mkwe wako?"

"Mimi sijaona mtu, mzee."

"Na wewe, Phelesia?"

"Kando yangu kulikuwa na mzigo umefunikwa koti."

Jared alikohoa muda mrefu, akificha kicheko. "Basi mzigo uingizwe kanisani, pasta anangoja."

Baba na Leonida wakaoana. Mimi ni wa tatu kuzaliwa.

Dani Phelesia, ndiyo bibi kwa Kijaluo, alipozeeka ndipo aliniambia ile nusu nyingine. Rubani alitaka kumpeleka baba kwanza, kisha arudi kumchukua yeye. Dani alikataa.

"Kwa nini, dani? Si ni dakika ishirini tu?"

"Baba yako aliposikia injini ikinguruma, aliogopa kuruka, akafungua mkanda. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje. Nikajua leo binti yangu anaaibika. Nikapanda, nikakaa mlangoni."

"Halafu?"

"Angenipitia wapi? Nilikuwa mama mkwe wake."

Nilicheka mpaka nikaketi chini.

Ndugu zangu, rubani atakuhesabia maili na dakika, na hesabu yake ni sawa. Lakini shukuru zaidi yule aliyekaa mlangoni.