Nilivyomlilia Mtani Wangu Mzima

Jirani yangu pale Temeke alikuwa mzee wa Kinyamwezi, mie Mzaramo, kwa hiyo tulikuwa watani. Asiyejua utani wetu aelewe hivi: nilikuwa na ruhusa ya kumtukana mbele za watu, kuingia kwake nikabeba kuku, na siku ya msiba nikalala kaburini mpaka wafiwa wanilipe changu. Naye vilevile kwangu. Kununa marufuku.

Alikuwa mpiga zeze, kile kijiti chenye kibuyu na nyuzi mbili. Enzi za ujana wake redio ilikuwa haimalizi siku bila nyimbo zake, halafu akanyamaza miaka mingi. Mitaa ikajaa disko na muziki wa Zaire, vijana wakawa wanamwita babu wa kijiti. Basi siku zile za ruksa, serikali ilipolegeza masharti na kila mtu akitoka na biashara yake, na yeye akatoka na kanda mpya. Mwenye studio, kijana wa mjini aliyevaa koti la mtumba kwenye joto lote lile, alimwambia wazi kwamba uzinduzi ukidorora, hatamrekodi tena.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa baa. Mzee akapanda jukwaani, suti inampwaya, akakuta wamejaa vijana wanaosubiri disko la jioni.

"Babu, si utuwekee kanda tu, ukapumzike!" mmoja akapiga kelele.

Wakacheka. Mzee akasimama tu na zeze lake, hapigi. Nikamwona anatazama mlango, na moyo ukaniuma kweli, maana namjua: akitoka pale hashiki zeze tena maishani.

Nikasema, liwalo na liwe. Nikapanda jukwaani, nikavua kanga yangu ya juu, nikamfunika gubigubi kama maiti.

"Uwiii! Mtani wangu kafa! Kafa kasimama, jamani! Babu zake Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, mpagazi gani huyu, mzigo wa nyuzi mbili umemshinda! Nani ananipa changu nimzike?"

Mwenye studio akaja mbio, akanidaka mkono. "Mama, umelewa? Hebu shuka!"

Kulewa, mie! Pombe hata kuinusa sijawahi. Kabla sijamjibu, sauti ikatoka ndani ya kanga:

"Muache huyo, we kijana! Ni mtani wangu. Niachie mwenyewe nimkomeshe."

Akaitupa kanga kule, zeze likalia. Wimbo wenyewe haukuwemo kwenye kanda, aliutunga palepale. Aliimba Wazaramo tunavyouza mashamba ili tucheze ngoma, na mdomo wangu ulivyokimbiza waume wawili. Uongo mtupu! Wa pili nilimfukuza kwa mwiko. Ukumbi ukalipuka. Vijana walewale wakawa wanaitikia, na mie nakata kiuno huku namporomoshea matusi, naye anayapokea na kuyarudisha kwa nyuzi.

Halafu akalipoza zeze. Akaimba taratibu, ananitazama mie peke yangu: mtani, nakuomba usitangulie. Ukitangulia wewe, mie nitakuja kuzikwa na watu wenye adabu.

Nikakaa chini palepale jukwaani, nikalia kilio cha kweli, kamasi na machozi. Vijana wakadhani bado naigiza, wakanipigia makofi.