Upande Ulionyooka

Mkwe wangu alikuwa mkata michongoma kwenye bustani ya hoteli, na jina lake la utani ni Wembe. Uzio akiukata yeye, nzi akitua juu anateleza na kuvunjika shingo. Nimewaona kwa macho yangu, wawili, na mmoja alikuwa mjamzito.

Siku moja mashine ikamla vidole viwili vya mkono wa kulia. Fidia ikaahidiwa, ila kwanza mkaguzi aje ahakikishe kazi haiwezi tena. Nyumba nzima tukawa tunaila hiyo fidia kwa macho, maana chunguni hamkuwa na kitu.

Balaa likawa hili: nafasi yake alipewa mwanangu, shemeji yake. Na mwanangu alikata vizuri. Simsifu kwa sababu nilimzaa. Wembe akawa hali, halali. Kila asubuhi anajipitisha pale na bandeji yake.

"Shemeji, umeacha nundu hapo."

"Nundu iko kwenye jicho lako, shemeji."

Siku ya mkaguzi Wembe alitutangulia. Mimi na binti yangu kufika, tunamkuta ameshika mkasi, majani kichwani, na mkaguzi amesimama mbele yake. Nusu ya uzio, kazi ya mwanangu ya jana, imenyooka kama kamba ya kuanikia. Nusu nyingine inapanda na kushuka kama ngamia mwenye kwikwi.

"Kumbe unakata?" mkaguzi akauliza. "Upande upi ni wako?"

Wembe akatazama ngamia, akatazama kamba. Akaonyesha kamba.

Binti yangu akashika kichwa. "Baba watoto! Unatuua!"

"Muongo huyo, bwana mkaguzi," mwanangu akaruka. "Huo ni wangu. Wake ni ule uliopinda."

"Nani kakufundisha kukata, wewe? Ni wangu!"

"Basi kata hapa nione," mkaguzi akasema.

Wembe akaubana mkasi kwa vidole vitatu. Ukamponyoka, ukachoma ardhi katikati ya viatu vya mkaguzi. Yule bwana aliruka juu, nikadhani hatashuka.

Fidia ilitoka, na tunaila. Lakini michongoma ya nyumbani kwetu sasa imefika kwenye mabati, na wageni wanapiga hodi kwa jirani. Nikimwambia Wembe tumwite shemeji yake aikate, ananijibu, "Mama, heri tupotelee humu humu ndani."