Siku Mashine Ilipomwaga Nguo za Mama Mkwe

Nimekaa na aibu hii miaka sita, na leo naitoa mwenyewe, maana shemeji zangu wa Hasamba wameshaisimulia kwenye kila harusi na kila mara wanaongeza chumvi, basi bora mnisikie mimi mwenye aibu yake.

Mama mkwe alikuja Tunduma kwa ubatizo wa mtoto wetu wa pili. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemeshani, na mama yule alishika mila kwelikweli: miaka tisa ya ndoa hakuwahi kunitamkia neno. Nikiwa hatua tatu tu kutoka alipokaa, alikuwa akimwambia mke wangu, "Mama Tumaini, mwulize baba kama amekula," nami namjibu mke wangu, "Mwambie mama nimeshiba," na mke wangu anaendelea kusonga ugali bila kurudia chochote, kwa kuwa wote tulishasikiana. Nilimpenda sana mama yule. Kila akituma gunia la maharage, chini yake kulikuwa na kifuko cha karanga, changu peke yangu.

Sasa Jumamosi, kesho yake ubatizo, mke wangu akakusanya nguo zote za mama, pamoja na gauni la kitenge aliloshonewa kwa ajili ya siku hiyo, akazitia kwenye mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele niliyoinunua kwa mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka (mtumba, lakini nilijisifu nayo mpaka kanisani). Katikati ya kufua ikasimama, maji tele ndani, mlango umejifunga, na kwenye kioo ikaandika E na namba mbili.

"Baba Tumaini, tumwite fundi, yupo pale sokoni," mke wangu akasema.

"Fundi wa nini? Mimi nimekulia kwenye mashine ya kusaga!"

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Ni kweli marehemu baba alikuwa na mashine ya kusaga kule Isansa, lakini ile mota ilikuwa na magonjwa mawili tu, mkanda kukatika na umeme kukatika. Nikasoma kwenye simu kwamba namba ile ni ya mota: angalia kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme ndani ya mota, angalia nyaya, angalia sensa inayopima mwendo. Mashine ilikaa kwenye baraza la nyuma, na uani kinamama wa kanisa walikuwa wanachambua mchele wa sherehe, mama mkwe katikati yao amenipa mgongo. Basi nikafungua mfuniko wa nyuma kwa madaha, nikijisemesha kwa sauti ili wasikie ("kaboni bado nzima hizi, eeh, shida ni waya"), nikachomoa waya mmoja mwembamba, nikaupuliza vumbi, nikaurudisha. Nilidhani nimeurudisha. Kumbe ndio wa sensa, na ulibaki unaning'inia.

Nikabonyeza kuwasha. Jamani, mota isiyojua inakwenda mwendo gani haina breki! Ikapiga mluzi, nguo zilizoloa zikalalia upande mmoja, na mashine ikaanza kurukaruka kuelekea ukingo wa baraza, na mimi badala ya kufikiri nikaikumbatia, ikaniburuta, kandambili moja ikabaki nyuma, huku napiga kelele "Simama! Simama!" utadhani naswaga ng'ombe.

Ndipo nikasikia kutoka uani sauti ambayo miaka tisa haikuwahi kunisemesha: "Baba! Iachie! Chomoa umeme, mwanangu, utakufa!"

Nikaiachia, nikarukia soketi, nikachomoa. Lakini mashine ilishafika ukingoni. Ikaanguka uani, mlango ukang'oka, na maji ya povu yakatoka na nguo zote za mama mkwe, za nje na za ndani, mpaka gagulo la zambarau lenye kiraka likanizonga miguuni. Kinamama wakajifunika nyuso kwa khanga (vicheko nilivisikia humo humo), mama mkwe akakimbilia jikoni, na mimi nikabaki nimesimama, nimefumba macho, sijui niondoe mguu au niuache.

Asubuhi mama alikwenda kanisani na gauni la mke wangu, limembana mabegani, wala hakulalamika. Wakwe wakanitoza jogoo wa kuomba radhi, nikatoa. Jioni mama akarudia mila yake: "Mama Tumaini, mwambie baba, mashine zina wenyewe."

Mwaka jana tumemzika. Siku hizi mashine ikiandika namba yoyote namwita fundi, na kabla hajafika nimeshachomoa umeme, hilo nimeapa. Lakini niwaambie ukweli, ile aibu siichukii tena. Katika miaka yote niliyokuwa mkwe wake, maneno aliyonitamkia mimi mwenyewe ni yale tu ya siku ile, na katikati yake aliniita mwanangu.