Mkono Uliotia Komeo

Lois Wakesho akiulizwa kuhusu kile kitambaa, hujibu kuhusu uzi. Atakueleza kwamba uzi mwekundu wa bei nafuu huchuja ukifuliwa, na kwamba kitambaa cheupe kikishikwa kwa mikono yenye jasho hubadilika rangi kabla kazi haijaisha. Hayo huyasema vizuri, bila kusita. Picha aliyoidarizi haitaji mpaka aulizwe mara ya tatu, na hapo hutazama sakafu.

Ana miaka thelathini na minane. Ni mpishi katika shule moja ya bweni mjini Voi, lakini alizaliwa Wundanyi, juu milimani, mtoto wa pekee wa Alexander na Rachel. Alexander alikuwa fundi mawe na mlevi. Akilewa alipiga, na hakuna kilichomuudhi kama sauti ya mtoto. Mara nyingi Lois alijikuta nje, mlango umefungwa. Alilala zizini kwa sababu mbuzi wana joto. Asubuhi alinawa, akavaa sare, akaenda shule, na wenzake wakamwita Beberu kwa ile harufu.

Alexander alikufa miaka tisa iliyopita. Lois alidhani mambo yamekwisha. Kisha siku moja binti yake, Shanice, alivunja sahani, na Lois akamtoa nje akafunga mlango. Zilikuwa dakika chache tu, mchana. Aliposikia mtoto akibisha, alishika komeo, akashindwa kufungua. Jirani ndiye aliyefungua, kwa kupitia mlango wa nyuma.

Wiki hiyo alikwenda kwa Mutheu, muuguzi mstaafu anayekutana na wanawake kila Jumamosi katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Mutheu huwapa kitambaa, sindano na sharti moja: asiyeweza kusema, adarizi. Lois alidarizi maua mwaka mzima. Kisha akaanza nyumba. Ilimchukua miezi saba. Kuna ukuta wa mawe, mbuzi watatu, mtoto aliyejikunja kati yao, na mkono wa mwanamume ukitia komeo mlangoni. Dirishani anaonekana mwanamke aliyeketi kando ya moto, amegeuka, uso hauonekani. Kona ya chini ilibaki tupu, kwa hiyo Lois akaweka kikapu.

Kosa lilikuwa hapo. Rachel husuka vikapu vya mkonge, na ukingoni mwa kila kimoja huweka mistari miwili ya kijani yenye meno mekundu katikati. Kwao hakuna mwingine anayesuka hivyo. Mwanamke yeyote aliyewahi kwenda naye sokoni atakitambua kikapu chake kabla hajamwona mwenyewe. Lois alikidarizi kama alivyokizoea, meno kwa meno.

Siku ya maonyesho, vitambaa vilitundikwa kwenye kamba ukumbini. Wanawake wa kwaya kutoka Wundanyi walikuwa wameteremka Voi kwa mkutano, wakaingia kuangalia.

"Hebu njooni muone. Hiki si kikapu cha Rachel?"

"Rachel yupi?"

"Rachel wetu, wa sauti ya kwanza! Na huyo dirishani ni nani kama si yeye?"

"Kumbe! Na vile anavyotufundisha malezi kila Jumatano."

"Mtoto analala na mbuzi, mama anaota moto. Haya, tuimbe basi."

Walicheka. Lois alikuwa hatua tatu nyuma yao, ameshika sinia la chai. Walipoondoka alikishusha kitambaa, akakikunja mara nne.

Habari zilimfikia Rachel, na hakwenda kanisani Jumapili mbili. Wiki ya tatu alifika Voi bila kupiga simu, akaketi jikoni kwa bintiye, akakataa chai.

"Nimekuja utase," alisema.

Watu wa milimani wanaijua desturi ya kutasa. Mwenye kinyongo hujaza kinywaji mdomoni, hukipuliza nje, kisha hutamka kwamba moyo wake umekuwa mweupe. Kanisani haisifiwi, ila wazee hawajaisahau.

"Mama, aliyekosewa ni wewe. Nimekuaibisha mbele ya watu."

"Wewe tasa. Maji yanatosha, sisi ni watu wa kanisa."

Lois alichota maji, akasimama mlangoni, akayapuliza uani. Akachota tena, akapuliza tena.

"Siwezi kusema sina kinyongo, mama. Nitakuwa nadanganya."

"Najua. Lete hicho kitambaa."

Rachel alivaa miwani, akakitandaza mezani, akakisoma kama barua. Kikapu hakukigusa. Kidole chake kilisimama mlangoni.

"Huu mkono si wa baba yako."

Lois alisogea kutazama.

"Komeo nilitia mimi. Ukiwa ndani unalia, yeye anaamka, anatupiga sote. Ukiwa nje, analala." Alivua miwani. "Na mimi nililala, Lois. Nililala vizuri. Hilo sijamwambia mtu, hata mchungaji."

"Nilijua," Lois alisema. "Baba angesukuma komeo kwa kishindo. Lile lilisukumwa polepole."

"Sasa mbona ukaweka mkono wake?"

"Nilikuonea haya, mama."

Hawakukumbatiana. Rachel aliomba wembe. Lois alikata nyuzi za mkono wa baba moja moja, na mama yake akazichomoa kwa kucha. Rachel alikaa Voi siku mbili, na kila jioni alishika ukingo wa kitambaa wakati binti yake akidarizi mkono mwembamba, wenye bangili. Kazi ilipokwisha, alikiomba. Leo kimetundikwa sebuleni kwake, mbele ya kochi la wageni. Kwaya ilipokwenda kumjulia hali ilikiona. Alipoulizwa, alisema, "Huo mkono ni wangu." Hakuna aliyemaliza chai yake.

Baada ya mama kuondoka, Lois alimwomba Shanice msamaha, jambo alilokuwa ameliahirisha karibu miaka miwili. Msichana alisema alishasahau. Hakuwa amesahau. Mutheu ameona kwamba Lois sasa hudarizi huku akizungumza, na anasema hiyo ni hatua.

Ila Lois hajapanda Wundanyi tangu kitambaa kipelekwe huko. Anasema hajui ataketi wapi, wala atamtazama nani, na picha ile iko ukutani. Rachel humpigia simu kila Jumapili, na mara ya mwisho aliuliza:

"Unakuja lini, mwanangu?"

"Nikimaliza kazi, mama. Shuleni wamenibana."

Shule zilikuwa zimefungwa wiki mbili nzima. Rachel alijua hivyo, maana watoto wa jirani walikuwa wakicheza uani kwake. Alisema, "Haya, mwanangu, pole na kazi," akasubiri Lois akate simu kwanza.