Nukta Nyekundu kwenye Plagi Bapa

Kwanza nifute uongo. Mume wangu hakumkatia mdogo wake sauti jukwaani kwa makusudi. Hakuwa na kijicho naye, wala hapakuwa na ugomvi wa kiwanja, maana kiwanja chenyewe hakijawahi kuwepo. Habari hii niliisikia saluni, ikisimuliwa na mwanamke ambaye hakujua kwamba aliyekuwa akisukwa kwenye kiti cha pili ni mimi. Nilimwacha amalize. Nililelewa kutomkatiza mtu hata anapojidhalilisha. Ila sasa mama mkwe wangu amezikwa, na ahadi iliyonifunga mdomo imezikwa naye, kwa hiyo nitaeleza.

Mume wangu alikuwa fundi wa nyaya za magitaa. Mpiga gitaa wa siku hizi huwa na ubao miguuni pake, na juu ya ubao huo vijisanduku vya kukanyaga vinavyoigeuza sauti: kimoja huikwaruza, kingine huipa mwangwi. Kila kisanduku huunganishwa na jirani yake kwa waya mfupi, na kila waya una plagi mbili. Mume wangu aliishi kwenye hizo plagi. Plagi iliyonyooka hakuitaka hata kuiona, maana hula nafasi na kuvisukuma visanduku mbali kama majirani waliokosana. Plagi ya kona ya kawaida aliiita goti la mzee, kwa unene wake. Alichopenda ni plagi ya kona iliyo bapa, nyembamba, inayolala ubavuni mwa kisanduku bila kujionyesha. Ndiyo maana wateja walimwita Bapa.

Hata za bapa hakuzipokea hivi hivi. Alizichomeka kwenye tundu na kuzichomoa huku amefumba macho, akisikiliza mlio wake. Alipitisha kijiti cha kiberiti kati ya visanduku viwili, na plagi iliyokibana kile kijiti aliirudisha dukani. Kulikuwa na aina isiyohitaji kulehemiwa, inaung'ata waya kwa skrubu tu. Hiyo aliiita ndoa ya kushikana mikono. Mimi alinichumbia upesi zaidi kuliko alivyochagua plagi, nami nilimwambia hivyo mara nyingi.

Ubapa una gharama yake. Ndani ya kichwa cha plagi hiyo hamna nafasi. Lehemu ikivimba kidogo tu, inagusa kifuniko cha chuma, na sauti yote inakwenda na maji. Kwa hiyo alikata kiduara cha plastiki kutoka kwenye mfuniko wa kopo, akakilaza juu ya lehemu, akafunga kifuniko, akakaza skrubu. Halafu aliuvuta ule waya, akautikisa, akaupigisha mezani. Ukivumilia, aliniibia rangi yangu ya kucha na kuweka nukta nyekundu. Nukta ile ilikuwa na mahali pake: nusu juu ya skrubu, nusu juu ya kifuniko. Mtu akifungua, rangi inapasuka. Ulikuwa muhuri wake. Wateja waliijua nukta, lakini wachache sana waliuliza kwa nini imekaa pembeni. Walidhani ni madaha.

Sisemi kwamba mume wangu alikuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa wa moto kuliko pasi yake ya kulehemu. Siku moja mdogo wake, yule anayeitwa Vidole kwa jinsi anavyopiga gitaa, alileta waya aliojitengenezea mwenyewe. Karakana ilikuwa imejaa wapiga muziki. Mume wangu akauinua kwa ncha ya koleo kama anayeinua panya aliyekufa.

"Mdogo wangu," akasema, "hii umeilehemu au umeitemea mate?"

Kisha akaukata katikati, mbele ya wote. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Vidole alicheka kuliko wenzake, na mimi niliyekuwa mlangoni na sinia la chai niliona jinsi shingo yake ilivyosimama mishipa. Nilimwambia mume wangu baadaye kwamba utani wa ndugu una kipimo. Akasema aliyekosa kazi ndiye huona utani umezidi kipimo.

Na kweli Vidole hakuwa na kazi ya maana, ingawa kipaji alikuwa nacho. Ndipo bendi ya ukumbi mkubwa ilipotangaza kwamba inatafuta mpiga gitaa. Kiongozi wa bendi ile alikuwa mtu mkavu. Aliwahi kuaibika mbele ya wageni wazito kwa sababu ya waya mbovu, na tangu hapo hakuruhusu jukwaani kwake waya wowote usio na nukta ya Bapa. Vidole alikuwa ameongeza kisanduku kimoja kwenye ubao wake, na nafasi ikawa haitoshi. Akalazimika kuja kwa kaka yake kuomba plagi bapa. Aliomba kwa adabu, na mume wangu akazitengeneza kwa adabu hiyo hiyo, bila kejeli hata moja. Mama yao alifurahi sana. Alisema wanawe wamerudi kuwa watoto wa tumbo moja.

Asubuhi ya majaribio nyaya zote zilikuwa tayari isipokuwa mmoja. Katika kichwa chake kimoja lehemu ilikuwa imevimba, na mume wangu hakuipenda. Aliweka kifuniko juu bila kukikaza, ili kisipotee, akatoka kwenda kununua lehemu nyembamba zaidi. Kiduara cha plastiki alikuwa bado hajakiweka. Vidole alikuja akiwa amevaa shati jipya, akaniamkia vizuri, akasema atamsubiri kaka karakanani. Mume wangu aliporudi hakukuta mdogo wake, wala ubao, wala ule waya. Kichupa changu cha rangi kilikuwa kimeachwa wazi juu ya meza, na brashi yake imelala pembeni ikikauka.

Alichukua bisibisi na pasi akatoka mbio, mtu mzima mwenye kitambi, nami nikafuata nyuma na viatu mkononi.

Tuliingia ukumbini Vidole akiwa tayari anapiga. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, amevaa nguo yake ya harusini kwetu. Vidole alipiga vizuri, sitamnyima haki yake. Kiongozi wa bendi alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Kisha Vidole akasonga mbele apige peke yake, akakanyaga kisanduku cha mwisho, ncha ya kiatu ikakigandamiza kile kifuniko, na gitaa likanyamaza. Akakanyaga tena. Kimya. Vidole vyake viliendelea kukimbia juu ya nyuzi, na hakuna kilichotoka. Wale wapiga muziki wengine waliokuwa wakingoja zamu zao wakaanza kuguna kwa furaha.

Kiongozi alipanda jukwaani, akachomoa waya mmoja mmoja mpaka akaupata wenye kosa. Akaugeuza kwenye mwanga.

"Nukta ipo," akasema. Akamwona mume wangu mlangoni. "Fundi, huu ni mkono wako?"

Kabla hajajibu, Vidole alikuwa ameshaushika usukani wa maneno. "Kaka," akasema, na sauti yake ilitetemeka vizuri, "umenifanyia nini mbele ya mama?"

Mume wangu aliipokea ile plagi. Nami niliitazama juu ya bega lake. Nukta ilikuwa katikati kabisa ya kifuniko, ya duara, kubwa kama jicho la ng'ombe. Skrubu ilikuwa tupu. Neno moja tu lingemwokoa: angemwonyesha kiongozi nukta zake kwenye nyaya nyingine zote za bendi ile, na kila mtu angeona. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amesimama, mkoba kifuani, akiwageukia wanawe mmoja baada ya mwingine.

"Ni mkono wangu," akasema.

Kiongozi aliamuru nyaya zote zenye nukta zing'olewe jukwaani. Zilirushwa kwenye mfuko wa plastiki na mume wangu akapewa abebe, kama mtu anayerudishiwa shuka za mgonjwa. Mmoja akamwuliza kama anataka na kamba ya kufungia. Vidole aliruhusiwa kurudia kwa nyaya za kuazima, akapata kazi ile ile, kwa sababu kosa halikuwa lake.

Nyumbani nilimwambia mume wangu nitakwenda mwenyewe kwa kiongozi. Akanikataza. Alisema mama yake ana watoto wawili tu. Akijua mmoja ni fundi mbovu atalala, lakini akijua mmoja amemuuza mwenzake kwa rangi ya kucha hatalala tena. Akanitaka niahidi kwamba mama akiwa hai sitafungua mdomo. Nikaahidi, na ile plagi nikaitia kwenye kopo langu la sindano.

Mtu mwenye haya angeshukuru kimya kimya. Vidole hakunyamaza. Kosa la fundi lilikuwa dogo mno kwa hadithi yake, akaligeuza kuwa njama: kaka alimwonea wivu, kaka alilegeza waya makusudi. Aliisimulia kwenye meza za bia mpaka akaiamini. Wateja wakapungua, wa mwisho wakawa wanaleta birika na pasi za nguo. Mume wangu alizitengeneza, na kila moja aliiwekea nukta yake, nusu juu ya skrubu, nusu pembeni. Hakufa kwa aibu kama wanavyosema. Alikufa kwa figo. Msibani Vidole alilia kuliko wote, na wageni walimpa pole zaidi yangu.

Kisha akafariki mama mkwe. Tulipotoka makaburini, ukoo ulikaa sebuleni kwetu. Baba mdogo wa marehemu mume wangu alikuwa kwenye kiti kikubwa, shangazi yao pembeni yake. Binti yangu, ambaye ndiye anayeendesha karakana sasa na ana mkono wa baba yake, alikuwa akigawa maji. Vidole akaomba kusema. Alisema karakana ya ukoo isife, ila binti aiache ile nukta, kwa maana wapiga muziki wanaiogopa. Yuko tayari kuisaidia karakana kwa jina lake yeye.

"Nukta ile ina nuksi, shemeji," akaniambia kwa upole. "Mtoto asirithi lawama."

Binti yangu aliinamisha macho kwenye jagi. Nilikwenda chumbani, nikarudi na sinia. Juu yake kulikuwa na plagi mpya, kichupa cha rangi ya kucha, na kopo langu la sindano.

"Shemeji," nikasema, "tuonyeshe basi nukta hiyo ilivyokuwa ikiwekwa, ili mtoto ajue cha kuacha."

Alicheka. Alidhani nimelainika. Akachovya brashi na kuweka nukta, katikati kabisa ya kifuniko, ya duara, kubwa. Skrubu akaiacha tupu. Nikafungua kopo, nikatoa plagi moja aliyoiwekea nukta mume wangu, halafu ile ya ukumbini, nikampa baba mdogo zote tatu. Nilieleza kwa sentensi chache nukta ya kweli hukaa wapi na kwa nini. Baba mdogo alivaa miwani, akazigeuza, akampitishia shangazi. Shangazi alizipanga kwenye kiganja chake kwa muda mrefu.

"Hizi mbili," akasema, "zina baba mmoja. Hii nyingine haimo."

Baba mdogo alivua miwani na kukigeuza kiti chake kumpa mgongo. Vidole alinitazama, brashi bado mkononi, rangi ikimdondokea kwenye suruali ya msiba.

"Shemeji, tumetoka kumzika mama leo."

"Ndiyo maana nimengoja," nikamjibu.

Binti yangu akamtoa ile brashi mkononi, akakifunga kichupa, akamfungulia mlango.

Nukta inaendelea kuwekwa, mahali pake pale pale. Wapo wanaopita kuniuliza kama mama mkwe alikuwa anajua, kama nimesamehe, na kama ni vyema kumfanyia mtu vile siku ya maziko ya mama yake. Wanapewa chai. Jibu hawapewi, na wewe pia sikupi.